Majani Niliyoyatupa

Kwa miaka minane nilikuwa mkaguzi wa majani chai katika kituo kimoja karibu na Kangema, na najisifu bila haya kwamba hakuna aliyewahi kunipita na kapu chafu. Wakulima walifika alasiri, wakamwaga majani yao juu ya meza ndefu ya mbao, nami nikapitisha mkono. Majani mawili na chipukizi. Jani la tatu, nje. Jani gumu, nje. Lililojikunja au kuungua na baridi, nje. Nilimkatalia mke wa pasta. Nilimkatalia mama mkwe wangu mwenyewe, kapu zima, mbele ya watu. Akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mwanawe ameoa jiwe, akajitwika kapu lake na kurudi nyumbani. Jioni ile tulikula chungu kimoja bila kusemezana.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichokifanya Nyeri nilikifanya kwa uvivu. Uvivu sina. Nilikifanya kwa bidii, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyeri nilikwenda miaka ya sabini, mume wangu alipokuwa ameshafariki. Watoto niliwaacha kwa mama mkwe yuleyule, ambaye alikubali kuwalea bila hata kunijibu vizuri. Mama mmoja wa kanisani alikuwa ameniambia kuna mwalimu wa chuo kikuu, msichana wa kwetu huku milimani, anatafuta mtu mzima wa kumsaidia kukausha mimea. Mimi nilidhani ni mboga. Nilijipanga njiani jinsi nitakavyomweleza kuhusu kukausha sukumawiki.

Nilimkuta mtaa wa Majengo, amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Mwislamu tuliyemwita Bibi. Bibi alizaliwa palepale mjini, baba yake akiwa mpishi aliyekuja na wasafiri wa zamani asirudi kwao. Kiswahili chake kilinyooka, na changu cha kubahatisha kilimpa raha kubwa. Nikisema "kitabu yangu" yeye hushika kiuno na kuniambia, "Mwanangu, kitabu kimekukosea nini?" Mume wake alikuwa fundi cherehani, na alipokufa alimwachia gunia la vitambaa vyekundu ambalo hakuna aliyejua lilikusudiwa kushonwa nini.

Mwalimu, maana sisi wote tulimwita hivyo ingawa nilimzidi kwa miaka minane hivi, alikuwa mwembamba, anavaa buti za kiume, na anasahau kula. Alikuwa na kazi moja tu duniani. Huko juu mlimani, kupita msitu na kupita mianzi, kuna mmea unaoitwa lobelia. Majani yake hukaa kwa duara chini kama kabichi lililofunguka, na katikati yake hutuama maji. Aina hiyo iko Mlima Kenya na iko pia ng'ambo ya pili, kwenye milima ya Nyandarua, lakini haifanani sawasawa, na hata bonde na bonde la mlima mmoja haifanani. Mwalimu alitaka kujua kwa nini. Alikuwa amepanda milima yote miwili, akafunga kitambaa chekundu cha Bibi kwenye kila mmea alioupima, akachuma jani moja moja, akalifunga kwa uzi kikaratasi chenye namba.

Profesa wake alikuwa amemwambia wazi kwamba haamini kazi hiyo, na kwamba mlima si mahali pa mwanamke. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi ambao mvua ndefu huanza. Ama alete majani yote Nairobi yakiwa makavu na yamepangwa, yapimwe mbele yake, ama nafasi yake apewe mwingine. Hayo nilielezwa siku ya kwanza, tukinywa chai ya tangawizi ya Bibi. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Majani yalilazwa kati ya magazeti, magazeti kati ya maboksi yaliyokatwa, yote yakabanwa kwa mbao na mikanda, na chini yake jiko la makaa lenye moto wa taratibu. Kila asubuhi nilitoa magazeti yaliyonyonya maji na kutia makavu. Nilisoma habari nyingi sana mwaka ule, zote za zamani. Na mikono yangu ilifurahi, maana tangu niache kituo ilikuwa imekaa bila heshima yoyote.

Kisha Mwalimu akaitwa Nairobi kwa siku sita. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akaniambia, "Mama, endelea tu na magazeti. Na ukipata nafasi, uyapange kwa mabonde, ya kila bonde kivyake. Mimi nikirudi tunafunga, tunapeleka."

Nilipata nafasi. Nilianza na mabunda ya Mlima Kenya. Nikayafungua ya bonde la kwanza, nikayatandaza juu ya meza, na nikaona aibu kwa niaba yake. Mazuri yalikuwa mazuri, mapana, ya kijani kilichotulia. Lakini katikati yake kulikuwa na takataka. Jani jembamba. Jani lenye manyoya. Jani lenye meno ya ajabu pembeni, jani lililopinda ncha. Nikamwona msichana wa watu akisimama mbele ya profesa mzee asiyempenda, anamwaga kapu kama hilo mezani. Nikasema haiwezekani. Si mimi nikiwepo.

Basi nikapitisha mkono. Siku nne nilikagua, bonde baada ya bonde. Yaliyofanana nikayalaza vizuri na namba zake. Yasiyofanana nikayafungua uzi, nikayatia kwenye debe. Bibi alikuja akatazama mafungu yangu yaliyo sawa kama nguo zilizopigwa pasi, akasema, "Mashaallah, mwanangu, hii ndiyo kazi." Asubuhi zilikuwa na baridi na makaa yalikuwa na unyevu, na majani makavu hushika moto haraka. Nikawashia jiko yale ya debeni. Kwa yale mabaya niliyakausha yale mazuri, na nilijiona mwenye akili.

Mwalimu alirudi mchana. Sikungoja avue buti, nilimvuta mpaka mezani. Alifungua bunda la kwanza, akafungua la pili, kisha akaanza kufunua haraka haraka.

"Mama," akasema, "zile zingine ziko wapi?"

"Zile mbaya? Nilitoa," nikamwambia. "Hizi ndizo first grade."

"Ulitoa ukaweka wapi?"

Nilitazama jiko. Naye akalitazama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliketi kitandani, akaweka mikono katikati ya magoti, akakaa hivyo mpaka Bibi akaja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Nilikasirika, na hilo nalikiri pia. Nilimwambia kwamba miaka minane hakuna aliyelalamika, ati ni mimi nimemfichia aibu yake. Hapo ndipo alipoinuka, akachukua sufuria mbili za Bibi, akazifunika mezani kichwa chini.

"Huu ni mlima wetu," akasema. "Hii ni Nyandarua. Hapa katikati ni sisi, Nyeri." Akaomba leso ya Bibi, akaikunja, akaiweka juu ya sufuria ya kwanza kama kofia. "Leo baridi iko hapa juu tu, na lobelia hupenda baridi, kwa hivyo iko hapa juu tu. Lakini zamani, kabla ya watu kulima, kabla ya lugha yetu, dunia yote ilipoa. Barafu ilijaa juu mlimani, ikashuka kwenye mabonde ikiyakwangua." Akaikunjua leso taratibu ikateremka pande zote za sufuria. "Lobelia haiwezi kuota kwenye barafu. Ikahama. Ikashuka na baridi yake mpaka chini huku. Na ile ya Nyandarua pia ikashuka."

Leso ilikuwa imefika mezani, kona zake zikikaribia sufuria ya pili.

"Zilikutana?" Bibi akauliza. Alikuwa ameketi, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi chumbani kwetu.

"Ndiyo sijui, Bibi. Labda zilikaribiana tu, mbegu zikapeperushwa. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Kisha joto likarudi." Akaipandisha leso. "Barafu ikayeyuka, na kila lobelia ikapanda na mlima wake. Zikaingia kwenye mabonde matupu chache chache, hizi huku, zile kule, na kila kikundi kikajilea peke yake maelfu ya miaka. Ndiyo maana hazifanani. Lakini kwenye kila bonde kuna chache ambazo bado ziko na sura ya zamani. Nyingine unaziona hapa na unaweza kuapa zimetoka Nyandarua." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hizo ndizo ulichoma, Mama. Jani likiwa tofauti liko na sababu yake. Kazi yangu yote ni kuuliza sababu."

Nilikumbuka dada yangu aliyeolewa upande wa Chaka, ambaye siku hizi husema kama watu wa huko na hupika kama watu wa huko, lakini akicheka unamsikia marehemu mama yetu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bahati ni kwamba sikuwa nimeyagusa mabunda ya Nyandarua. Na daftari lilikuwepo. Tulikaa tukalinganisha namba, na zilizokosekana zilikuwa arobaini na moja. Kila moja iliandikwa ilipotoka, jiwe gani, kijito gani. Mmea haufi kwa kuchumwa jani, hilo hata mimi nalijua. Nikamwambia nitakwenda naye juu, tuyachume tena.

"Mama, umewahi kupanda?"

Sikuwahi. Watu wa kwetu hawapandi, tunatazama. Baba yangu alisali ameuelekea ule mlima hata baada ya kubatizwa, akidhani hatumwoni. Mimi nilikuwa nauangalia asubuhi kabla ya mawingu, basi, kama mtu anavyoangalia saa. Lakini nilikuwa nimeshachoma vya kutosha, sikuona kama mlima ungenikasirikia zaidi.

Bibi alinipa koti la marehemu mume wake na akatujazia kikapu mahamri. Tulipanda kupitia Naro Moru na mpagazi mmoja, mtu mpole aliyebeba karibu kila kitu na kuniita mama kila nilipoanguka. Nilianguka sana. Juu ya msitu kuna kinamasi kilichoinuka kama ukuta, unaweka mguu unazama mpaka goti, na huko nilisema maneno ambayo mke wa pasta angefurahi kuyasikia kwangu. Kichwa kiliniuma. Usiku sikulala.

Asubuhi Mwalimu alinipeleka kwenye lobelia ya kwanza yenye kitambaa chekundu. Maji ya katikati yalikuwa yameganda juu. Akanishika kidole akakibonyeza, barafu ikavunjika nyembamba kama kioo cha taa, na chini yake maji yalikuwa maji, na moyo wa mmea ulikuwa mzima ndani yake, wa kijani. "Kila usiku hivi," akasema. Nilichuma jani langu, nikalifunga namba yake mimi mwenyewe. Na nililiona ni jembamba na lina manyoya, na nikashangaa jinsi ambavyo kwa miaka yote nilijua kuona tofauti na sikuwahi kuitazama.

Tulifanya kazi siku tatu, na mvua ilianza siku ya pili. Mwalimu alipima, mimi nilitafuta. Niseme ukweli, mikono na macho ya kituo cha chai yalifaa. Mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimepeperushwa, nilikumbuka jani lenyewe, maana nilikuwa nimelitupa kwa makusudi, na kitu unachokitupa kwa makusudi huwezi kukisahau. Nilikwenda mmea hadi mmea mpaka nikaupata wenye jani lile. Tulipata arobaini.

La mwisho lilitoka kwenye mmea mmoja juu ya kingo za changarawe, mahali ambapo Mwalimu alisema ncha ya barafu ya zamani ilisimama kabla ya kurudi nyuma. Katika daftari alikuwa ameupigia mistari miwili. Ndio uliofanana na wa Nyandarua kuliko mingine yote, na hakuwa ameona wa pili wake. Alikuwa chini kijitoni na mpagazi, akifunga mizigo kwa sababu mawingu yalikuwa yameshatufikia. Nilipanda peke yangu.

Nilikikuta kitambaa chekundu kwenye matope. Mmea haukuwepo. Pimbi walikuwa wameutafuna mpaka kwenye mzizi, wameacha kisiki na kinyesi.

Hatua kama kumi kutoka hapo kulikuwa na lobelia nyingine. Niliinama nikaitazama. Jani lake lilikuwa jembamba, si jembamba sana. Lilikuwa na manyoya chini. Kwenye meza ya kituo ningesema limetoka kapu moja na lile. Namba nilikuwa nayo mkononi imeshafungwa uzi, Mwalimu hanioni, na profesa hakuwahi kuliona la kwanza. Alihitaji majani arobaini na moja. Nilikaa pale na mvua ikininyeshea koti la marehemu, na sitadanganya kwamba nilikaa kidogo.

Nilishuka nikampa namba tupu.

"Imeliwa," nikamwambia. "Kuna nyingine inakaribia kufanana. Lakini si hiyo."

Alikizungusha kile kikaratasi vidoleni. Mvua ilikuwa inamtiririka puani. Kisha akaniuliza, "Unaikumbuka ile yenyewe?"

Nikamwambia naikumbuka. Akatoa daftari, mpagazi akatushikia turubai, nami nikamweleza. Upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Manyoya chini, juu hakuna. Meno ya pembeni yanaelekea nyuma, na upande wa kushoto ni mengi kuliko wa kulia. Ncha imepinda. Aliandika kila neno bila kunikatiza, na alipomaliza akanisomea, nikamrekebisha mara moja.

Alipeleka majani Nairobi kwa wakati. Alitusimulia baadaye, mimi na Bibi, kwamba profesa alifunua kurasa zote bila kusema kitu mpaka akafika kwenye ile yenye namba na isiyo na jani. Akauliza nani aliyeliona jani hili. Mwalimu akajibu: mkaguzi wa majani. Mzee akasoma yale maelezo mara mbili, akasema ukurasa ule hauwezi kuhesabiwa, ila ubaki ulipo. Alimpitisha. Bibi alichinja kuku.

Nilirudi Kangema mwaka uliofuata. Mwalimu alinipa zawadi, daftari gumu alilobandika majani ya ziada, jani moja la kila bonde la milima yote miwili, na ukurasa mmoja mtupu ulioandikwa chini yake maneno yangu niliyoyasema mvuani. Jioni ya kwanza nilimpa mama mkwe wangu alishike. Alikuwa amezeeka sana. Aliliweka magotini, hakuliangalia, alipitisha vidole ukurasa baada ya ukurasa, polepole, juu ya kila jani. Kwenye ule mtupu vidole vyake vikasimama.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

"Hapo palikuwa na jani, Mama. Halikufanana na mengine. Nililichoma kabla sijauliza kwa nini."

Vidole vyake vilikuwa bado vinapapasa karatasi. Ndipo nilipotazama jinsi alivyoinua uso, ukutani, si kwangu wala kwenye daftari.

"Mwaka ule uliporudisha kapu langu," akasema, "macho yalikuwa yameshaanza kunizimika. Nilikuwa nachuma kwa kupapasa, hivi."